Ordinatere ya mtoto wa universite: tuangalie kazi, si sura



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alituvuta pembeni. Ni mama anayeuza munkoyo na chikanda, na wengi wenu mnamjua kwa sababu hajachelewa hata mara moja kulipa likelemba. Zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa na dola 250, zimefungwa katika kona ya kitenge.

"Mwalimu," akatuambia, "binti yangu amepata dipuloma ya Serikali na ameanza universite. Anasema bila ordinatere atabaki nyuma ya wenzake. Pesa ni hizi tu. Nikinunua vibaya, sitapata zingine mpaka mwaka kesho. Mtanisindikiza?"

Tulimsindikiza. Tulizunguka naye siku mbili hapa Lubumbashi, maduka makubwa na vibanda vidogo, pamoja na binti mwenyewe. Tuliyoyaona tunayaandika juma hili, kwa sababu tunajua kuna nyumba nyingi kati yetu zenye mtoto wa universite, au zenye finalisti atakayeingia mwaka kesho. Neno letu ni moja: mashini ya bei nafuu si ile inayolipwa kidogo siku ya kununua. Ni ile itakayomfikisha mtoto mwaka wa mwisho ikiwa ingali inawaka.

Kwa nini tuumize kichwa

Mama mwingine atasema: sisi tulisoma bila ordinatere, na tuliweza. Ni kweli. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulimaliza ISP bila mashini yetu. TFC yetu tuliiandika kwa mkono katika daftari, kisha tukaipeleka sekretaria, ukurasa kwa ukurasa, franka kwa franka. Siku mbili mbele ya kuweka kazi, tukafungua flashi: tupu. Virusi vilikuwa vimekula kila kitu, na kijana wa sekretaria alikuwa amekwisha kufuta nakala yake ili apate nafasi. Kurasa 42 zikaandikwa upya, zikalipwa upya. Pesa ya mara ya pili aliitoa mama yetu. Aliuza kitenge alichokuwa amekiweka kwa arusi ya mdogo wake.

Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme kuandikisha na kuchapisha ukurasa mmoja ni franka 1 000. TP ya kurasa 10 ni franka 10 000. Mwanafunzi mwenye TP 15 kwa mwaka analipa franka 150 000. Kwa miaka mitatu ya lisansi ni franka 450 000, na kazi ya mwisho haijahesabiwa. Wekeni bei ya sekretaria ya kwenu, mtaona wenyewe. Mwenye mashini anaandika nyumbani, anasahihisha nyumbani, na analipa kuchapisha tu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko pesa. Sekretaria na siberi zinajaa jioni, wakati masomo yamekwisha. Mtoto anangoja zamu yake, umeme unakatika, unarudi, na saa mbili ya usiku binti wetu yuko njiani peke yake. Tena kuna kijana anayesema, "Njoo nyumbani, nitakuazima mashini yangu," na baadaye anadai malipo ambayo si pesa. Wamama, tusijifanye kana kwamba hatujasikia. Binti mwenye mashini yake ana sababu moja pungufu ya kumwomba mtu.

Aulizwe kwanza: anasoma nini?

Msinunue mbele ya kujua fakilte. Mtoto wa haki, wa pedagojia, wa barua au wa sosiolojia anahitaji kuandika, kusoma silabusi za PDF, kutafuta vitabu katika intaneti na kutengeneza ekspoze. Mtoto wa ekonomi anaongeza Excel na programu za hesabu. Mtoto wa dawa anasoma sana na kutazama picha nyingi, lakini mashini ya kawaida inamtosha. Yule wa politekniki au wa arshitektire ni mwingine: programu za kuchora kama AutoCAD zinataka nguvu zaidi, na mara nyingi hazihitajiki sana miezi ya kwanza. Huyo anaweza kuanza na simu na sala ya ordinatere ya chuo ikiwa ipo, huku nyumba ikiendelea kuweka akiba, kuliko kununua haraka kitu ambacho hakitafungua michoro yake.

Njia nzuri ni hii: mtoto awaulize wakubwa wake wawili au watatu wa fakilte ileile. Asiwaulize "mna mashini gani," maana watataja jina la kampuni. Awaulize, "Mnatumia programu gani, na mashini yenu inakwama wapi?"

Binti wetu anasoma pedagojia. Kazi yake ni kuandika na kusoma. Basi tukajua tunachotafuta.

Duka la kwanza: kibandiko cha i7

Kijana wa duka la kwanza alitupokea vizuri. Akatoa mashini nyeusi inayong'aa, kibandiko cha "Core i7" kikiwa kipya kabisa.

"Mama, hii ni ya Dubai, haijaguswa. i7! Dola 180 tu, kwa sababu ni ninyi."

Mama akatutazama, macho yanacheka. Dola 70 zingebaki. Tukaomba mashini iwashwe. Kijana akasema betri haina moto, akaleta chaja. Ikawaka. Tukasubiri. Tukasalimiana na mteja mwingine, tukaulizana habari za bei ya unga, na bado tulikuwa tunasubiri.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaanguka. i3, i5 na i7 peke yake hazisemi kitu. Ni kama kusema "mwalimu wa darasa la sita" bila kusema wa mwaka gani. Kisha jina hilo kuna namba, na namba ndiyo inayotaja kizazi. Ikiwa imeandikwa i5-8250U, ile 8 ya kwanza inasema kizazi cha 8. Ikiwa namba inaanza na 1, someni tarakimu mbili: i5-10210U ni kizazi cha 10, i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Ile i7 ya kijana ilikuwa i7-2620M. Kizazi cha 2. Vizazi hivyo vilitoka mwaka 2011, wakati binti wetu alikuwa bado shule ya chekechea. i3 ya kizazi cha 10 inaishinda kwa mbali, hata kama jina lake ni dogo.

Kibandiko kinauzwa kama peremende. Msisome kibandiko, someni ndani. Bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka, na katika sehemu ya utendaji mtaona jina la prosesere pamoja na namba yake, RAM ni ngapi, na disiki ni ya aina gani. Mwuzaji mwaminifu hatakataa. Mwuzaji akisema "acheni mama, mtaharibu," shikeni mikoba yenu mwende.

Tulimshukuru kijana, tukaenda. Mama alikuwa na huzuni kidogo, kwa sababu mashini ilikuwa inapendeza.

Vitu vinne ndani, na kimoja nje

Kabla ya duka la pili tuliketi chini ya mti, tukanunua maji, na tukamwandikia binti katika daftari yale ya kuangalia. Tunayarudia hapa.

La kwanza ni prosesere. Tafuteni kizazi cha 8 kwenda juu. Sababu ni hii: kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa prosesere za Intel, inataka kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana. Mashini ya zamani kuliko hapo haifi siku hiyo, itaendelea kuwaka, lakini ulinzi wake dhidi ya virusi unazidi kupungua. Mtoto ana miaka mitatu au mitano mbele yake.

La pili ni RAM. Tuilinganishe na meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, huwezi kukata sombe, kusaga viungo na kupakua bukari kwa wakati mmoja. Unaondoa hiki ili uweke kile. GB 4 ni meza ndogo: inatosha kuandika tu, kwa uvumilivu. GB 8 ndiyo ya kutafuta. Mtoto wa michoro atafute 16. Ulizeni pia kama RAM inaweza kuongezwa, maana mashini nyingine zimefungwa na haziongezwi.

La tatu ni disiki, yaani ghala ambamo kazi zinalala. Ziko za aina mbili. HDD ina sahani inayozunguka ndani. Ni polepole, na ikianguka ikiwa inafanya kazi inaweza kuharibika na kuondoka na kila kitu. SSD haina kitu kinachozunguka. Inawaka upesi na inavumilia mitikisiko ya taksi-basi. GB 256 za SSD ni bora kwa mwanafunzi kuliko GB 500 za HDD. Angalizo: kuna mashini mpya kabisa, ndogo, za bei rahisi, zenye prosesere iitwayo Celeron na ghala la eMMC la GB 64. Boksi ni jipya na plastiki haijatolewa, lakini ghala hilo linajaa na programu za Windows zenyewe, na mara nyingi halibadilishwi. Upya wa boksi usiwadanganye.

La nne ni betri. Hapa kwetu betri ni nusu ya mashini, kwa sababu umeme unakuja na kwenda. Ichomoeni chaja mbele ya mwuzaji na iendelee kufanya kazi kwa nusu saa, huku mkiangalia inashuka namna gani. Iko pia njia ya kuiuliza mashini yenyewe: andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Mashini itatengeneza karatasi na kuonyesha mahali ilipoiweka. Ndani kuna namba mbili: betri ilibeba kiasi gani ilipokuwa mpya, na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa ilibeba 50 000 na leo inabeba 20 000, imebaki na 40 kwa mia. Hiyo ni betri ya kubadilisha, na bei yake itolewe katika bei ya mashini.

La tano, la nje, ni mwili wake. Fungua na funga kifuniko mara kadhaa, bawaba zisilie wala kulegea. Andika kila herufi ya klavye, moja moja. Tazama kioo kikiwa cheupe chote na kikiwa cheusi chote, madoa yataonekana. Chomeka flashi katika kila tundu. Jaribu kamera, sauti na Wi-Fi kwa kutumia mega za simu yako.

Duka la pili: mashini yenye mikwaruzo

Duka la pili lilikuwa dogo, la mzee mmoja anayetengeneza na kuuza. Alituonyesha mashini ya okazioni, ya kijivu, imekwaruzwa kwenye kona. Binti akakunja uso. Mzee akacheka: "Binti yangu, hii imetoka ofisi ya Ulaya. Imezeeka kwa nje tu."

Maneno hayo tuliyahakikisha kwa macho. Kizazi cha 8, i5. RAM GB 8. SSD GB 256. Betri ilibaki na 71 kwa mia. Iliwaka mbele ya sisi kumaliza kuketi.

Mashini za namna hii ziko nyingi sokoni: Latitude za Dell, EliteBook na ProBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, kwa hiyo zina mwili mgumu, na zikiharibika mafundi wengi wanazijua na vipuri vinapatikana. Kampuni za ng'ambo zinazibadilisha kisha miaka michache, nazo zinafika kwetu. Kwa pesa ileile, okazioni nzuri ya ofisini mara nyingi inashinda mpya dhaifu.

Lakini okazioni ya ofisini ina mtego wake: kufuli. Zimeni mashini, muiwashe tena huku mkibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad. Ikiomba neno la siri ambalo mwuzaji halijui, iacheni. Tena, mwombeni mwuzaji airudishe mwanzo kabisa na kuiunganisha na intaneti mbele yenu. Ikidai anwani ya barua ya kampuni fulani, maana yake bado ina mwenyewe, na siku moja inaweza kufungwa mikononi mwa mtoto.

Mambo mawili yalibaki. Klavye yake ilikuwa QWERTY, ya Kiingereza, na binti alijifunza AZERTY. Si sababu ya kuacha mashini nzuri: lugha ya klavye inabadilishwa katika mipangilio, na vibandiko vya herufi vinauzwa bei kidogo. Asipobadilisha, é na ç zitamchosha kila siku. La pili ni chaja. Mashini nyingine zinatoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, na wetu ni 220. Someni maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100-240V, hakuna hatari. Angalieni pia wati. Mashini inayotaka wati 65 ikipewa chaja ya wati 45, itajaa polepole au itakataa.

Mzee alianza na dola 240. Mama wa munkoyo, mnamjua, hakuna mtu anayemfundisha kubishana bei. Wakafika dola 210. Alidai faktire, na juu yake mzee akaandika namba ya seri ya mashini, ile iliyo chini yake, pamoja na garanti ya mwezi mmoja. Faktire ile ni ulinzi: siku polisi akiuliza mashini imetoka wapi, mtoto ana jibu. Mashini isiyo na faktire, inayouzwa upesi upesi kona ya barabara kwa dola 80, ni machozi ya mtoto wa mtu mwingine. Tusiinunue.

Dola 40 zilizobaki tulizigawa hivi: 15 kwa priza ya kuzuia umeme wa nguvu, 10 kwa mfuko wa mgongoni wa kawaida, 8 kwa flashi, 2 kwa vibandiko vya klavye, 5 kwa taksi za siku mbili. Mama akageuza kitenge, hakuna kilichobaki. Ndiyo sababu tunasema: msimalize pesa yote kwenye mashini. Wekeni pembeni sehemu kwa yale yanayoilinda.

Umeme, vumbi na radi

Umeme ukirudi kisha kukatika, mara nyingi unarudi kwa nguvu. Wakati huo mashini isiwe imechomekwa. Majira ya mvua, radi ikianza kunguruma, chomoeni chaja, hata kama mtoto anasema anamaliza sentensi. Majira ya kiangazi, vumbi letu jekundu linaingia katika ventilatere na mashini inapata moto kama pasi. Isiwekwe juu ya godoro wala blanketi, maana matundu yake ya chini yanazibwa. Iwekwe juu ya meza, au juu ya ubao. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue na kuisafisha.

Wenye solea ndogo ya taa, tahadhari. Chaja ya simu ya kawaida inakula kama wati 10. Ile ya ordinatere ni 45 au 65. Solea inayojaza simu tatu haimaanishi itajaza mashini. Ulizeni fundi mbele ya kuunganisha, msije mkaua betri ya taa na usiku mkabaki gizani.

Programu na nakala

Wauzaji wengi wanaweka programu za wizi na kuzihesabu kama zawadi. Zawadi hizo mara nyingi zinakuja na virusi. Kwa kuandika, kwa hesabu na kwa ekspoze kuna LibreOffice, ambayo ni bure kabisa na kwa haki, na inafungua na kuhifadhi kazi za Word. Na kama nyumbani kuna mashini ya zamani isiyobeba Windows 11, msiitupe: fundi anaweza kuiwekea Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo pia ni bure. Mdogo mtu atajifunzia humo.

Mtaona pia Chromebook, nyepesi na rahisi. Zinafanya kazi vizuri palipo na intaneti ya kila saa. Lakini hazibebi programu za Windows, na kila moja ina tarehe ambayo kampuni itaacha kuipa programu mpya. Kwa nyumba inayonunua mega kidogo kidogo, hatuzishauri.

Na nakala! Kazi ya mtoto ikae mahali patatu: ndani ya mashini, ndani ya flashi isiyopelekwa siberi, na ndani ya barua yake ya intaneti, ajitumie mwenyewe kila mwisho wa juma. Kurasa zetu 42 zingekuwa mahali pawili tu, kitenge cha mama yetu kingekuwa bado kipo.

Mashini ni ya nani?

Tumefika mahali pagumu. Jioni ile mashini ilipofika nyumbani, baba mdogo alikuwepo. Akaisifu, akasema angeihitaji "kwa filamu mbili tatu." Kaka mkubwa, ambaye hasomi tena, akasema yeye ndiye anayejua mashini, basi ilale chumbani mwake. Binti hakusema neno. Aliangalia chini.

Mama hakugomba. Aliweka sahani za bukari mezani, akangoja wote wale, kisha akasema polepole: "Shemeji, mwanangu, nisikilizeni. Mashini hii ni likelemba ya miezi kumi. Kila dola imetoka kwenye munkoyo wangu, na niliambia kikundi ni ya masomo ya dada yenu. Siku atakapopata dipuloma, tutaitazama filamu pamoja. Mpaka siku hiyo italala kichwani pake." Baba mdogo akacheka, akasema ameelewa. Kaka akanyamaza, lakini kesho yake ndiye aliyetengeneza rafu ndogo ya kuiwekea.

Wamama, katika nyumba zetu vitu vya wasichana ni vyepesi kuazimwa. Baisikeli ya binti inakuwa ya wote, simu yake inakuwa ya wote, na mwisho wa mwaka ni yeye anayeulizwa kwa nini jina lake halikuonekana kwenye valve. Tusimnunulie mashini leo na kumnyang'anya kesho kwa mikono ya wengine. Neno hilo lisemwe siku ya kwanza, mbele ya wote, na lisemwe na mkubwa wa nyumba. Naye binti afundishwe kukataa kwa adabu. Aibebe katika mfuko wa kawaida wa shule, usioonyesha kuna nini ndani, na asiifungue katika taksi-basi.

Pendekezo letu

Mama wa munkoyo alikuwa na dola 250 na watu wa kumsindikiza. Kuna mama mwenye dola 120 na asiye na mtu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa mkutano wa siku ya posho ijayo. La kwanza, wenye watoto wa universite wajiandikishe, ili wanaotaka kununua waende wawili watatu pamoja: mwuzaji anashusha bei kwa anayenunua tatu kuliko kwa anayenunua moja, na macho mengi hayadanganyiki upesi. La pili, wale ambao pesa haijatosha, watoto wawili wa fakilte moja wanaoishi karibu wanaweza kununua mashini moja kwa mapatano ya maandishi: siku za huyu, siku za yule, na atakayemaliza mbele atarudishiwa nini. Bila maandishi, msijaribu. Urafiki wa wamama wawili ni wa thamani kuliko ordinatere.

Kateni sehemu hii mwiweke katika mkoba: kizazi cha 8 kwenda juu, RAM GB 8, SSD GB 256, betri ijaribiwe bila chaja, klavye, kioo na matundu vijaribiwe, hakuna neno la siri wala kufuli la kampuni, chaja 100-240V, faktire yenye namba ya seri, na kitu kidogo kibaki kwa priza na flashi.

Jana tulipita kwa mama kununua munkoyo. Binti alikuwa ameketi nyuma ya ndoo, mashini juu ya magoti, ubao chini yake, anaandika TP yake ya kwanza. Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, jua bado lipo. Alisema atamaliza mbele ya giza, na atachapisha asubuhi akienda chuoni.

Tuonane juma lijalo. Tutazungumza juu ya watoto wa darasa la kwanza wanaoandika kwa mkono wa kushoto, na kwa nini tusiwapige.